Daftari la Ganzi

Kiungo kwetu ni neno moja:
bizari kwenye mchuzi, na kiwiko cha mtu.
Kwa hiyo sikuona ajabu, mwaka ule Kongwa,
nilipopewa kazi ya kupimia viungo viungo.

Daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Nilipiga mistari kwa rula:
jina, umri, uzito, sindano iliingia saa ngapi,
na safu ya mwisho, niliyoikoleza wino:
Saa aliyoomba dawa ya maumivu.

Chini ya mtulinga, pale panapodunda,
mishipa ya fahamu imelala pamoja
kama kamba ya katani iliyoanza kufumuka.
Bupivakaini nilimjua zamani. Mgeni wa mchana:
huingia, hukaa, giza likishika huaga,
na maumivu hurudi yakikuta mlango wazi.
Tukamtafutia mwenzi wa kumshika shati.

Adrenalini ana papara.
Moyo wa Sakalani, fundi baiskeli wa Kibaigwa,
ulikimbia kama mdaiwa aliyesikia jina lake mnadani.
Muda aliongeza, ndiyo,
wa kuivisha kande, basi.

Deksamethasoni, bei ya kiberiti,
hakuna aliyemtarajia.
Mkono wa Chidosa, ulioumwa na mashine ya alizeti,
ulilala tangu saa nne asubuhi hadi majogoo.
Lakini sukari ya mzee Malogo ilipanda,
tukamtoboa kidole usiku kucha
huku akituuliza kama tunatafuta kisima.

Kisha yule mwenye jina refu, deksmedetomidini:
vichupa sita tu, vilivyofika kutoka Dodoma mjini
vimefungwa ndani ya soksi.
Mgonjwa husinzia kama aliyeshiba ugali wa uwele,
moyo hupunguza mwendo, hamsini na tano, hamsini,
arobaini na nane,
nami nimeshika atropini
kama mchunga anavyoshika fimbo
kabla fisi hajaonekana.

"Nani mshindi?" aliuliza Daktari Lugendo.
Nikamfungulia ukurasa. Namba kumi na saba iliongoza wote:
Mbeho Chilongani, miaka hamsini na minne,
mkulima wa karanga, Mlali,
kifundo cha mkono kimevunjika.
Sindano saa nne asubuhi.
Saa ishirini na sita, hajaomba kitu.
Nilimzungushia duara jekundu.
Daktari alinunua soda.

Siku ya kuruhusiwa, nikimkaza bendeji,
nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, ganzi ilimtoka lini.
"Saa nane za usiku," akasema,
kama anayetaja bei ya chumvi.
"Mbona hukuita, mama?"
"Nesi alikuwa amelalia meza, mwanangu.
Na yule mtoto wa kitanda cha pili
ndiyo kwanza alikuwa amenyamaza."
Akanionyesha pindo la khanga.
Meno yalikuwa yamepita pale, juu na chini,
duara zima.

Nje upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi
chini ya mlango wa wodi, kama kila siku.
Nikarudi mwanzo wa daftari.
Sakalani, aliyefundishwa jandoni
kwamba jicho halipepesi.
Chidosa, aliyesema "niko salama" kabla sijamaliza kuuliza.
Yule binti wa namba tisa, akimtazama mumewe
kila nilipomwuliza yeye.
Nani kati yao alinitajia saa,
na nani alinitajia adabu?

Vichupa viwili vilikuwa vimebaki ndani ya soksi.
Sikulichana daftari; lina ukweli wake, nusu.
Nilipiga tu mstari mmoja zaidi,
ukingoni kabisa, karatasi inapoanza kuchakaa,
nikaandika kwa herufi ndogo, maana nafasi haikutosha:
Kulikuwa na mtu macho, wa kuombwa?